Mlingoti Katikati ya Matuta

Shamba la shangazi yangu liko Mollo, mahali ambapo upepo wa Ufipa hupita bila mti wa kuuzuia. Ndiyo maana nilikwenda kumwomba nafasi ya kusimika mlingoti wa vipimo. Wakati huo shamba lilikuwa limepumzishwa, nyasi zimefika kiunoni.

"Marahaba," aliitikia shikamoo yangu. "Sasa hewani huko utapima nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba jua likishapasha ardhi, ardhi nayo huipa hewa joto, na wabebaji wa joto hilo ni vizunguko vidogo vya upepo vinavyopanda na kushuka. Upepo wenyewe ukipita hujisugua ardhini, ukaacha hapo sehemu ya nguvu zake. Nilitaka kujua joto kiasi gani linapanda, na nguvu kiasi gani inabaki chini.

"Haya, pima. Ila mimi nitalima."

Nikacheka, nikidhani anatania. Nilichomsihi ni asiuguse mlingoti.

Tuliusimika mimi na mwenzangu wa kazi, dada aliyekulia Kasanga kwenye joto la ziwa, ambaye huku juu hakuvua koti hata saa sita mchana. Kileleni tulifunga kipima upepo cha kuazima, kinachonasa kila mtikisiko wa hewa. Chini yake tukafunga vyombo vyetu vya kawaida, vya kupima joto na mwendo wa upepo. Kile cha kuazima kingerudi kwa wenyewe. Tulitaka kujua kama, kikishaondoka, tungeweza kukadiria yale yale kwa vyombo vyetu na hesabu tu. Hesabu hiyo ilitaka tuiambie ardhi ina ulaini au mabonde kiasi gani. Tukaiambia: nyasi.

Kisha tukaitwa kikazi Matai, na mvua ikatukalisha huko muda mrefu kuliko tulivyopanga. Tuliporudi, nilisimama barabarani nikiwa nimeshika kichwa. Nyasi hazikuwapo. Shamba zima lilikuwa matuta ya mviringo, mekundu, yamepangana hadi ng'ambo. Wafipa hulaza nyasi, wakazifunika udongo zioze, wakapanda maharage juu yake. Matuta hayo nilikuwa nimeyaona tangu utotoni, na bado sikuwa nimeyafikiria. Akina mama walikuwa wanamalizia pembe ya mwisho huku wakiimba, na shangazi akiwa mbele yao na jembe. Katikati ya matuta mlingoti ulisimama, umezungushiwa uzio wa miti.

"Sijaugusa!" shangazi alipaza sauti kwa furaha. "Hata ng'ombe hawajaugusa."

Mwenzangu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya tuta.

"Umeona bahati yetu?" akaniambia. "Shamba lile lile, upepo ule ule, ardhi mbili!"

Alisema kweli. Tulikuwa na vipimo vya nyasi, sasa tungepata vya matuta. Tulibadilisha maelezo ya ardhi kwenye hesabu, tukaviacha vyombo vifanye kazi hadi tulipopata siku za kutosha za jua. Kisha tukakaa sebuleni kwa shangazi na kompyuta, tukachora mstari wa kipima upepo cha kuazima, na juu yake mstari wa makadirio yetu. Mistari yote miwili ikapanda pamoja asubuhi, ikashuka pamoja jioni, ikiachana kidogo tu pale mawingu yalipopita. Na juu ya matuta upepo ulikuwa unaacha nguvu nyingi zaidi kuliko juu ya nyasi.

Mwenzangu alivua koti akalirusha juu. Shangazi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Kuna nini?"

"Matuta yako yanakamata upepo, shangazi!"

"Mimi nimekamata upepo?"

"Kidogo."

"Kwa umri wangu hicho si kidogo," akasema, akapiga kigelegele. Jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Akaambiwa aketi, ale.

Kipima upepo cha kuazima kilirudi kwa wenyewe, na hatukukililia. Msimu uliofuata, siku ya kuyatawanya matuta ili zipandwe mbegu za ulezi, shangazi alinipigia simu mapema. Tulikwenda na majembe, tukatawanya udongo kutwa nzima pamoja na akina mama, tukijifunza wimbo wao na kuukosea. Jioni viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na katika shamba lile lile nilikuwa na ardhi ya tatu ya kupima.