Habu ya Safari ya Marsabit

Msimu ule nyumba yetu ya mtaa wa Landless, Thika, ilinuka grisi na mafuta ya taa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Baba akitoka kiwandani alikaa mlangoni akisafisha vyuma vya baisikeli aliyokuwa akiiunda kwa safari ya Marsabit, mbali kaskazini, yeye na kaka yake, baba mkubwa Njoroge wa Ruiru. Safari hiyo waliizungumzia tangu ujana wao. Baisikeli ya baba mkubwa ilikuwa tayari. Ya baba ilikosa gurudumu la nyuma tu, na halikufungwa kwa sababu hawakukubaliana kuhusu habu, kile kitovu kinachoshika spoku zote. Baba alitaka ya kisasa, nyepesi, iliyozibwa, inayozunguka bila sauti. Kaka yake alitaka ya chuma, nzito, ambayo gololi zake za ndani unaweza kuzitoa na kuzirudisha kwa spana ya kawaida. Walibishana kila Jumapili baada ya kanisa, nami nilipenda kuwasikiliza kwa kuwa hawakukasirikiana.

Kisha baba mkubwa akaanza kuvimba miguu. Figo, daktari alisema. Akalazwa hospitalini Thika, na nyumbani hakuna aliyetaja Marsabit tena. Lakini Jumamosi moja baba alifunga habu za aina zote mbili kwenye gazeti, akanishika mkono, tukaenda wodini. Akazipanga juu ya blanketi.

“Chagua wewe,” alimwambia kaka yake. “Mimi nimechoka kubishana.”

Baba mkubwa aliizungusha ile nyepesi, akatabasamu, akaiweka kando. Ile ya chuma ilimshinda kuinua, nikamsaidia kuishika.

“Hii,” akasema. “Ile nyingine ikikufia huko jangwani Laisamis, Mwangi, utaifungua na nini? Na mzigo wote uko nyuma.”

“Sawa. Tutafunga hii.”

“Funga. Na usinisubiri.”

Baba alizifunga tena habu kwenye gazeti vibaya, nusura moja ianguke.

Tulimzika baba mkubwa huko Ruiru kabla ya mvua kuanza. Baada ya mazishi baba alilifunga lile gurudumu, spoku moja baada ya nyingine, mimi nikimpokeza. Lilizunguka bila kuyumba. Tangu hapo limebeba kabichi, nyasi za ng'ombe na mitungi ya maji, na halijawahi kupita Makongeni, mtaa wa jirani.

Siku hizi naishi Ruiru, palipokuwa na mashamba ya kahawa na sasa ni maghorofa. Habu ya baisikeli yangu niliiagiza kwa simu, ikaletwa hadi mlangoni, na sikuwa na mtu wa kubishana naye. Lami imefika Marsabit na kupita. Juzi nilimwambia baba twende, polepole, nitakuwa nyuma yake.

“Njoroge ndiye aliyejua njia,” akasema.

“Barabara ni moja tu, baba.”

“Hata hivyo.”