Trekta Lililokataa Kusimama

Awendo, mji wetu wa kiwanda cha sukari, ilinuka molasi. Harufu hiyo ilitufuata hadi kwenye chumba cha kompyuta cha shule yetu ya msingi, ikachanganyika na ya miguu yetu, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo na viatu. Kompyuta ilikuwa moja tu, zawadi ya wageni wa kanisa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mwalimu Ouma. Alikuwa ametangaza kwamba atachagua mmoja wetu, wa darasa la saba, awe akiitumia kila Jumamosi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko chakula.

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kupanga amri. Kila amri ilikuwa kipande cha rangi. Ukivikokota vipande kwa kipanya na kuvipachika kimoja chini ya kingine, picha kwenye skrini inatii. Kulikuwa na cha kwenda, cha kusubiri, cha kurudia kilichovikumbatia vingine, na cha "kama", kinachouliza kwanza ndipo kiamue. Wenzangu waliduwaa. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo barabarani maisha yangu yote: trekta linakwenda shambani, linapakia miwa, kama foleni ya mizani kiwandani ni ndefu linasubiri, linamwaga, linarudi tena. Zamu yangu ilipofika nilichagua picha ya trekta, nikapanga hivyo hivyo. Kilichonipita ni kuliambia lisimame lini. Nani Awendo aliwahi kuona miwa ikiisha?

Trekta likaenda, likarudi, likaenda. Darasa zima lilishangilia. Mwalimu Ouma akabonyeza hapa na pale, wapi, jasho likamtoka. Badala ya kusema hajui, akang'oa plagi ukutani.

"Umeiharibu," akaniambia. "Nilijua wasichana hawafai kukaribia kitu hiki."

"Haijaharibika, mwalimu. Inafanya nilivyoiambia."

"Unanijibu? Chukua viatu vyako utoke."

Jumamosi zote akapewa mvulana aliyeishia kuandika jina lake kwa herufi kubwa. Mama alikwenda kuniombea, akarudi ameinamisha kichwa. "Mwenye nguvu mpishe, nyathina, mwanangu," akasema, akaendelea kuchambua dagaa wa omena.

Nina hasira hadi leo, na sioni haya kusema. Ilipita karibu miaka thelathini ndipo nikaketi tena mbele ya vipande kama vile, kwenye kozi ya jioni mjini Migori. Kijana aliyekaa karibu nami akafanya kosa langu lile lile, picha yake ikazunguka bila kikomo. Mkufunzi, msichana mdogo tu, hata hakuinuka kitini. "Kila mtu huanzia hapo," akasema. "Bonyeza hicho kitufe chekundu pembeni." Ikasimama. Nilikitazama kile chekundu mpaka macho yakaniuma, kwa sababu hata kule Awendo kilikuwepo, pembeni vile vile, na mtu mzima aliona afadhali anifukuze mimi kuliko kukitafuta. Sasa watoto wa Awendo hupanga vipande hivyo kwenye simu za wazazi wao. Wanakosea, wanasimamisha, wanaanza upya, na hakuna anayewatoa nje. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Wao hawakuugua.