Kitabu Kilichoopolewa Chooni

Juzi, kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale stendi, niliona jalada lenye msichana aliyekumbatiwa na mwanamume mwenye pembe, nikarudi nyuma hatua moja.

Dada Skola, binti wa mama mkubwa, alikuja kuishi nasi Ruhuwiko nilipokuwa bado mtoto, baada ya kumaliza kidato cha nne. Alikuwa na kitabu kama hicho. Mchana mmoja alinisomea tukipukuchua mahindi: msichana amepotea katika msitu wa uchawi, na bwana wa msitu, mdomo ukimtiririka utomvu mweusi, anambusu.

"Akauramba ule utomvu," alisoma, machozi yakimlengalenga.

Nilisukuma kando kiporo nilichokuwa nikidonoa. Niliamini kwamba yaliyoandikwa kitabuni ni lazima msomaji ayatende, kama tulivyofundishwa kwenye katekisimu. Kwa hiyo, alipokwenda kuchota maji, nilikitumbukiza chooni ili nimwokoe.

Alikiopoa kwa jembe. Funza walitambaa juu ya jalada. Alikisuuza kwa sabuni ya mche, akaketi nacho juani akibandua kurasa moja moja, huku upepo ukiniletea harufu.

"Dada, kitupe!"

"Nikitupe? Bwana wa msitu hata jina lake hajamwambia yule msichana. Njoo unishikie hapa."

Nilishika ncha ya ukurasa. Uliteleza. Nikatapika karibu na miguu yake.

Leo najua kwamba hicho ndicho kitabu pekee alichokuwa nacho. Siku ile niliona tu kwamba alisogeza miguu, akaendelea kusoma.