Taya la Nyumbu Shingoni

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Robanda kumzika dada yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini tulilelewa pamoja kwa bibi, kitanda kimoja, blanketi moja, kwa hiyo sina jina lingine la kumwita. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nje ya jiko nachambua maharage, nikamsikia binti yake wa darasa la sita anasoma daftari lake kwa sauti: I can see a tree. I can hear a bird. I can smell smoke. Niliweka ungo chini nikaenda kutema mate nyuma ya choo. Wenzangu walidhani ni majonzi.

Wewe sikufichi. Mimi na dada tulisoma shule ya hapohapo, darasa moja, ingawa yeye alinizidi miaka miwili. Asubuhi bibi alitupa uji wa wimbi uliochachuka kidogo, kisha tukabeba fagio na kidumu cha maji, tukaenda. Ulikuwa wakati mzuri, sikatai. Msimu wa nyumbu ukifika, kijiji kizima kilijaa mguno wao, kama watu wazima wanaobishana chumba cha pili. Bibi alisema nyumbu hana adabu, anapita shambani kwa mtu bila kupiga hodi.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana mgeni, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata siku ya vumbi. Alipenda sana somo la kuona, kusikia na kunusa. Alitueleza kwamba Mzungu hasemi tu naona ng'ombe, anasema naweza kumwona ng'ombe. Mimi nikawaza: kumbe kwao kuona ni kazi, mtu anapima kwanza kama nguvu zipo. Sisi ukifumbua macho unaona, basi. Dada akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama sitaki kunusa, nasemaje?" Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Sheria ilikuwa kwamba hakuna kuongea kilugha shuleni. Shule nyingine mkosaji alivaa kibao. Huyu wetu aliokota taya la nyumbu porini, akalifunga kamba ya katani. Lilikuwa halijakauka. Nyama nyeusi ilibaki kwenye mashina ya meno, na ukiligeuza ulikuta funza wanajisogeza ndani. Ukiwa nalo, nzi walikufuata kila uendako. Ulilivua kwa njia moja tu: umnase mwingine anaongea kilugha, umvishe. Atakayekuwa nalo mchana, anasimama mbele ya shule nzima na kutoa sentensi za Kiingereza.

Siku moja siafu walinipanda mguuni nikapiga kelele kwa Kiikoma, lugha yetu ya nyumbani. "Vaa!" wenzangu wakaruka. "Vaa, mnuka wewe! Usikae dawati langu!" Nikavaa. Lilidondosha majimaji ya manjano kwenye kola ya shati langu jeupe. Wakati wa mapumziko nilijificha nyuma ya jiko la walimu, nikawa nalia huku natapika uji.

Dada akanifuata. Ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, na mwalimu mkuu alishamwambia bibi kwamba huyu ataenda sekondari, aanze kujiandaa. Akachuchumaa, akalishika lile taya kwa vidole vyake ili lisiniguse kifuani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiikoma, "Wamekupiga?" Neno hilo tu. Huruma kwa Kiingereza tulikuwa hatujafundishwa.

Nilivua kamba nikamvisha.

"Umeongea kilugha," nikamwambia.

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema, akainamisha kichwa ili kamba imkae vizuri.

Ninachokisimulia hapa kinanichukiza kuliko wale funza. Nilikimbia bombani kunawa, na nilipoona harufu imepungua nilifurahi.

Mchana mstarini mwalimu akamsimamisha mbele. Anaona nini? Dada akajibu vizuri, anaona watoto. Anasikia nini? Anasikia upepo. "Na pua? Sema! I can smell..." Dada akasema kwa Kiikoma, polepole, shule nzima ikasikia: nasikia harufu ya mzoga, na aliyeuokota ni wewe.

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu aligeuka huku na huku. "Kasema nini? Nani atanitafsiria?" Hakuna aliyefungua mdomo. Akamwambia dada arudi nalo nyumbani, na kesho aje nalo shingoni, la sivyo asije kabisa.

Bibi alikuwa anakoroga ugali tulipofika. Aliisikia harufu kabla hatujaingia uani. Alimkata dada kamba kwa kisu cha mboga, akalitupa taya kwenye shimo la choo, akamsugua shingo kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Mjukuu wangu havai mzoga," akasema. "Nani kakuvisha?"

"Watoto tu," dada akajibu.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika bakuli la maziwa. Dada hakurudi shule tena. Bibi alifariki akiwalaumu watoto tu.

Mimi nilimaliza la saba. Leo napika kwenye kambi ya watalii karibu na Natta, na kazi nilipewa kwa sababu ya sentensi zilezile. Mgeni akiniuliza kama naweza kuwasikia simba, namjibu vizuri, ananisifu. Dada alilima mtama akifukuza tembo kwa kupiga debe. Nilipomtembelea alinichinjia kuku. Kila mara nilikwenda na maneno tayari, kila mara nilikula nikaaga.

Jua lilipokuwa linazama siku ile ya matanga, binti yake alikuwa anaosha sahani. "Mama mdogo," akaniuliza, "wanasema mama alikuwa na akili sana. Mbona aliacha shule? Mwenyewe alisema alichoka."

Nikamweleza yote. Mkono wake ukasimama ndani ya beseni.

"Alikufuata kukubembeleza, ukamvisha?"

"Ndiyo."

"Hukumwomba msamaha hata siku moja?"

"Hapana."

Akasuuza sahani, akaipanga kwenye kichanja. "Basi usiniombe mimi," akasema, akachukua nyingine.

Sikumwomba. Shule sasa ina madarasa mapya, na jiko la walimu halipo hata msingi wake. Nyumba ya bibi ni kichuguu chenye majani. Mambo haya yakibomoka mtu anasikitika, mimi pia nasikitika. Lakini mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuniondolea uchafu huu, alikuwepo miaka yote hiyo, mwendo wa nusu siku kutoka kazini kwangu, na kila nilipokwenda alinikaribisha ndani.