Dozi Waliyogawana Hafidha na Mdogo Wake

Ramadhani mbili mfululizo Hafidha aliwapikia wenzake futari na yeye hajafunga. Tumbo likikaa tupu kidogo tu, lilimchoma chini ya chembe cha moyo mpaka akajikunja. Lakini kilichomuuma zaidi ni kule kula mchana. Pale gulioni Mkuyuni anapouza mdalasini na ndizi, alishajaribu kujitibu kwa uji wa ndizi mbichi na maji ya kabichi, mpaka akaichukia kabichi yenyewe.

Mwaka jana alipimwa choo kwenye zahanati, akakutwa na bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za siku kumi na nne. Wiki chache tu baadaye, maumivu yakarudi.

Aliporudi zahanati, Daktari Anastasia, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimwamkia, kisha akamwuliza, "Mama, dawa ulizimaliza?"

"Zote, mwanangu. Hakikubaki hata kidonge."

"Siku zote kumi na nne?"

Hafidha akatazama sakafu. "Saba. Saba nyingine alikunywa mdogo wangu, Mwaisha. Na yeye tumbo linamtesa. Ninywe peke yangu, yeye ananitazama?"

Daktari alijizuia kucheka, akashindwa. "Mama, hizi si ndizi, kwamba mtakata chane nusu kwa nusu! Nusu dozi haiwamalizi wadudu, inawakomaza. Wewe nakubadilishia dawa. Mwaisha mlete apimwe, apate zake."

Mwaisha alikuja siku ya gulio, amenuna.

"Dada, ndiyo umenishitaki kwa daktari?"

"Nimekushitaki. Na safari hii ukigusa pakiti yangu, tutagombana."

Naye alikutwa na bakteria hao, akapewa dawa zake. Kila mmoja akanywa zake, asubuhi na jioni, mpaka siku ya mwisho. Baada ya hapo Hafidha alikaa mwezi mzima bila kugusa dawa yoyote ya tumbo, kama alivyoelekezwa, akarudi kupimwa. Bakteria hawakuonekana.

"Kwa hiyo nifunge?"

"Funga, mama. Likikuuma, fungua uje unione."

Siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, Mwaisha alimkuta dada yake amekaa kimya nyuma ya mafungu ya ndizi, mkono tumboni. Akashtuka.

"Dada, limeanza?"

Hafidha alilisikiliza tumbo tena, kwa makini, asije akajidanganya.

"Hapana," akasema, akacheka mwenyewe. "Ni njaa. Njaa tu, kama ya watu wengine."