Aleji ya njugu: niliuliza weita kwa siri hotelini Bungoma, na mpaka leo najuta

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu, nacheka na nyuzi za watu kisha napita. Leo ni zamu yangu. Sina kipaji cha kutunga, kwa hivyo nitawapa mambo jinsi yalivyokuwa, na pale ninapojiaibisha nitapaacha hivyo hivyo. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina aleji ya njugu karanga.

Si ile ya kujikuna kidogo halafu unaendelea na maisha. Nikiwa shule ya msingi hapa Kitale, rafiki yangu alinigawia njugu za kukaanga. Midomo ikafura, pumzi ikaanza kupita kwa shida kama maji kwenye mrija uliokunjika. Mama alinikimbiza hospitali, na daktari akamwambia wazi kwamba njugu zinaweza kuniua.

Mama alisikia, lakini ni mtu anayejali sana watu watasema nini. Hakutaka nijulikane kama mtoto mgonjwa. Akanifundisha, nikipewa njugu kwa watu, niseme "njugu na mimi hatupatani" kisha nicheke.

Nimesema hivyo maisha yangu yote. Babu yangu alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, na nyumbani kwetu chakula ni githeri, mukimo, viazi na kabeji. Njugu haikuwa inaingia sufuriani. Nikadhani ile mbinu ya mama inafanya kazi, kumbe haikuwa imewahi kujaribiwa.

Sasa tuje kwa Wafula.

Mimi nauza kwenye agrovet, duka la dawa za mifugo na pembejeo, hapa mjini. Wafula alikuja kununua dawa ya kupe. Baada ya siku chache akarudi kununua dawa ya kupe. Akarudi tena. Nilipomuuliza ana ng'ombe wangapi akasema mmoja, na huyo mmoja ni wa jirani. Nikaelewa hapa hakuna habari ya kupe.

Wafula alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake wa upande wa baba. Wabukusu humwita senge, na mimi nitamwita Senge hapa. Anakaa Bokoli. Huyo ndiye mama anayemjua, na ndiye aliyekuwa wa kusema kama mimi naingia kwa hiyo familia ama nabaki mlangoni.

Siku ya kunitambulisha ikafika. Jikoni kwa Senge kulikuwa kumebomolewa kujengwa upya, kwa hivyo akasema tukutane Bungoma mjini, kwenye hoteli ya rafiki yake wa kanisani, Mama Simiyu. Hoteli ndogo, safi, inayosifika kwa mboga za kienyeji.

Njiani, tukiwa tumepita Kamukuywa, Wafula alitaka kumpigia simu Senge amwambie habari ya aleji yangu. Nikamkataza.

Wakuu, nisikieni kwanza kabla hamjanirukia. Senge alikuwa ameshamuuliza Wafula kama sisi Wakikuyu wa Kitale tunajua kula ugali ama ni viazi tu. Alikuwa anatania, lakini utani wa mama mkwe una meno. Nilitaka siku hiyo nile kila kitu nitakachowekewa. Sikutaka jambo la kwanza atakalosikia kunihusu liwe orodha ya vitu nisivyokula.

Wafula akasema ni sawa, mwili ni wangu.

Senge alinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za wazazi mmoja mmoja. Akaagiza ugali, kuku na mboga, bila kuniuliza, kwa sababu mgeni haulizwi. Akanisifia hiyo mboga, ati inapikwa na njugu na maziwa mpaka ile uchungu yote inaisha.

Hapo ndipo nilipotoa ile sentensi ya mama. Nikacheka, nikasema njugu na mimi hatupatani, Senge.

Naye akacheka. Akasema tutapatana tu, hata yeye na marehemu mume wake walianza hivyo.

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno lingine moja tu. Sikusema.

Badala yake nilijifanya naenda kunawa mikono. Pale kwenye sinki nikamwita msichana aliyekuwa anahudumu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mboga ya leo imewekwa njugu. Akafikiria kidogo, akasema hapana, leo wameweka maziwa tu.

Roho yangu ikatulia. Nikarudi mezani nikijiona mjanja kweli, nikamnong'oneza Wafula kwamba msichana amesema mboga ya leo haina njugu. Nimejilinda, na hakuna aliyeaibika.

Wafula akapigiwa simu ya kazi, akatoka nje kuongea kwa sababu ndani kulikuwa na kelele. Chakula kikaja. Mboga ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Senge alivyoona naila, uso wake ulifunguka. Akachukua kijiko akaniongezea kwa mkono wake mwenyewe.

Nilianza kusikia ulimi unawasha. Nikajiambia ni pilipili. Halafu midomo. Halafu shingo na mikono ikatoka mapele makubwa, na koo likaanza kujifunga. Nilijua ni nini. Nilitafuta vidonge vyangu vya aleji kwenye mkoba, nikameza, na havikusaidia. (Daktari alinieleza baadaye kwamba koo likishaanza kujifunga, hivyo vidonge pekee si vya kutegemea, unakimbia hospitali. Andikeni hiyo mahali.)

Nilitaka kusema "njugu" na sauti haikutoka.

Hebu fikirieni. Hoteli imejaa watu, na mtu mmoja tu anayejua shida yangu yuko nje kwa simu. Senge alidhani nimekwama na mfupa wa kuku. Akawa ananipiga mgongoni huku anaomba kwa Kibukusu. Mtu mwingine akasema niletewe maziwa. Kila mmoja alikuwa ananisaidia kwa ugonjwa ambao sina.

Wafula aliporudi aliniangalia mara moja tu. Akauliza nimekula njugu, na Senge akajibu kwa mshangao kwamba njugu ziko kwa mboga, kwani kuna nini. Mteja mmoja, Mungu ambariki, alitoa gari lake. Nakumbuka kupakiwa, nakumbuka kiatu kimoja kikibaki mlangoni. Kisha nakumbuka sindano hospitalini, na pumzi ikirudi polepole.

Nilipopata nguvu ya kukaa, Senge alikuwa pembeni ya kitanda, kiatu changu kiko kwenye mapaja yake. Alikuwa amelia mpaka macho yamefura karibu kama yangu. Wafula alikuwa ameshamweleza kila kitu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Wewe uliniambia hampatani," alisema. "Mimi watu wakikosana huwa nawapatanisha. Si ungesema itakuua? Hiyo neno naijua."



Mkidhani iliishia hapo, hapana. Watu waliokuwa hotelini waliona mgeni ameanguka juu ya sahani, na mnajua miji yetu. Habari ikazunguka soko kwamba kwa Mama Simiyu kuna mtu amelishwa sumu. Wateja wakapungua. Mama Simiyu akamlaumu Senge kwa kumletea balaa, na Senge akamlaumu Mama Simiyu kwa kuwa na mfanyakazi mwongo. Wanawake waliokaa kiti kimoja kanisani miaka yote wakaanza kukaa mbalimbali. Yule msichana aliyenihudumia akarudishwa kwao Sirisia.

Nilipopona nilirudi Bungoma kueleza. Nilimwambia Mama Simiyu ukweli wote, kwamba nilimuuliza msichana pembeni, kwa siri, na sikumwambia kwa nini nauliza. Yeye akanipeleka jikoni, akanionyesha chungu.

Wenyeji wa huko mnajua, mimi ndiyo nilikuwa najifunza. Ile mboga haipikwi siku moja ikaisha. Inapikwa leo, inalala, kesho inaongezwa maziwa na mboga mpya, inalala tena, na inayobaki ndiyo inaanzishia nyingine. Ndiyo maana ni tamu vile. Siku niliyokula waliongeza maziwa tu, kweli kabisa. Njugu ziliwekwa siku iliyotangulia.

"Uliuliza habari ya leo," Mama Simiyu aliniambia. "Chungu yangu haina leo."

Kwa hivyo yule msichana hakunidanganya. Nilimuuliza swali la uvivu akanijibu swali nililouliza, na kazi ikamtoka. Nilimwombea arudishwe, Mama Simiyu akakubali, lakini alipotafutwa alikuwa ameshaondoka kwao kutafuta kazi kwingine. Sijui hata kama anajua ilikuwa ni nini. Huenda anadhani mpaka leo kwamba alikosea.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mimi niliuficha wangu, na aliyevuliwa nguo ni mtoto wa wenyewe.

Siku hizi nikiingia hoteli, hata hizi za hapa Kitale zinazonijua, sianzi na weita. Naomba kuongea na anayeshika mwiko. Namwambia nikimwangalia usoni: njugu zinaweza kuniua, hata kidogo. Sichekicheki. Nauliza hiyo mboga ilianza lini, mafuta yamekaanga nini kabla, na mwiko umetoka sufuria gani. Wengine huniona nina maringo, na niacheni niitwe hivyo. Mpishi akijibu haraka haraka bila kuangalia, nakunywa soda nakwenda zangu. Na ninayekula naye lazima ajue kabla hatujaketi, ili nikikosa sauti yeye awe nayo.

Mpishi akiambiwa "sipendi" atakupunguzia. Akiambiwa "sipatani nayo" atakubembeleza. Na huo ni upendo, wakuu, hana makosa.

Mimi na Wafula tuko pamoja. Senge alitubariki, hata yeye na Mama Simiyu wamerudi kusalimiana, ingawa si kama zamani. Ukiniuliza kama mambo yaliisha vizuri, nitasema ndiyo, halafu nitakumbuka Bokoli.

Jikoni kwa Senge kumekamilika, kuzuri, kuna hata bomba. Tukienda kumwona anapikia watu wote. Nimemweleza mara nyingi kwamba akitumia sufuria mpya na mboga ya siku hiyo, bila njugu, nitakula bila shida. Anaitikia kwa kichwa. Kisha anawapakulia wengine, ananawa mikono kwa sabuni, ananawa tena, na ananiletea sahani yangu.

Ni yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, na ndizi yenye maganda yake.

Ananiwekea mbele yangu na kukaa mbali kidogo, ananiangalia nikimenya mwenyewe. Yule mama aliyeniongezea chakula kwa mkono wake sasa anaogopa mkono wake. Hilo mimi ndiye nililifanya.

Wenye aleji humu, ama mlio na mtoto mwenye aleji, nyinyi mkifika mezani kwa watu mnaanza vipi? Na wapishi, ni neno gani mteja akisema mnasimamisha mwiko? Mniambie pia kama kuna aliyewahi kumrudishia mtu ujasiri wa kumpikia. Nataka Senge anipakulie ugali tena.