Bashe la Mama

Kwetu Kasongo, kuacha punje moja ya mupunga juu ya bashe ni kutukana jembe. Bashe letu, turubai la kuanikia, mama alilishona mwenyewe kwa magunia ya nailoni, likawa kubwa kuliko sebule. Kila jioni, mupunga ukishaondolewa, alilikamata pembe mbili akalipiga ukutani mpaka punje ya mwisho ianguke.

Lakini jua lilikwisha kulila hilo bashe. Ukiligusa, linabaki vidoleni kama majivu. Mama akilipiga, unga mweupe unapanda, naye iko katikati, mudomo wazi, anafanya mazoezi ya korasi. Zamani alishika sauti mpaka waumini wakaangaliana. Sasa “aleluya” moja anaikohoa mara tatu. Nilimucheka. Nilimwambia anaimba kama pikipiki ya kwenda Wamaza ikipanda mulima.

Muganga wa dispanseri hakucheka. Alisikiliza mugongo wake, akauliza kazi zake, nami nikamwonyesha suruali yangu iliyojaa ule unga.

“Hili si vumbi la udongo tu,” akasema. “Ni nailoni iliyovunjika. Vipande vingine hauvioni, vinashuka mpaka ndani ya mapafu, vinakwaruza. Siwezi kuapa kwamba ndivyo vimeleta kikohozi chote, hata wanaochunguza hawajamaliza kujua. Lakini mapafu hayana mufagio, mama. Liache hilo bashe.”

Aliliacha siku mbili. Ya tatu mupunga ulikuwa mubichi na mawingu yanatuchungulia, akalitandika tena. “Kifua kitangoja,” akasema, akaenda mutoni.

Mimi sikungoja. Nilihamisha mupunga wote juu ya mukeka wa baba, ule wa wageni, ambao sisi watoto hata kivuli chetu hakina ruhusa ya kuulalia. Bashe nikalimwagia maji, unga usiruke, nikalikunja.

Baba akatokea. “We kichwa kibaya. Mukeka wangu?”

“Iko kazini, baba.”

“Na wageni watakaa wapi?”

“Juu ya bashe. Wapumue vizuri.”

Akatoa kiberiti. “Basi likikauka nalichoma, maneno yaishe.”

Nikakaa juu ya bashe, maji yakiniingia suruali. “Moshi wake tutaumeza sote, baba. Utanichoma pamoja nalo.”

Mukono wake ulikuwa umekwisha kupanda mama aliporudi na ndoo kichwani. Aliniona nimekaa kama bata kwenye tope, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikamukunja, ndoo ikaanguka, na bado hakikwisha.

Baba alirudisha kiberiti mufukoni. “Kesho unaenda kukata matete,” akasema bila kunitazama. “Mukeka wa mupunga utausuka wewe.”

Bashe nililifukia nyuma ya choo. Mukeka niliousuka umepinda kama njia ya Lusangi. Mama anakohoa bado, pengine kidogo kuliko jana, pengine ni mimi ninayetaka iwe hivyo. Jirani alikuja kutupatia magunia yake ya zamani, ya bure, tushone bashe lingine. Nikamusindikiza mpaka barabarani, yeye na magunia yake.